Picha ya Nsala: Ushahidi, Kumbukumbu na Jina katika Historia ya Kanisa

Utangulizi

Kanisa la Kilutheri limezoea kujitambulisha kuwa ni Kanisa la Neno. Tunahubiri, tunafundisha Katekisimo, tunaimba, na tunashika fundisho la Mtume Paulo kwa Warumi kwamba imani huzaliwa kwa kusikia. Kwa sababu hiyo sikio limepewa heshima kubwa katika masomo yetu ya theolojia, nalo jicho limeachwa lijitafutie njia. Hata hivyo maisha ya sharika zetu yamejaa picha. Katika ofisi za sharika zimetundikwa picha za wachungaji waliotangulia. Mazishini, picha ya marehemu hubebwa mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Katika nyumba nyingi za Wakristo imo albamu ya ubatizo, kipaimara na ndoa, na mgeni hupewa aifungue kabla hata chai haijaletwa. Jicho, basi, linafundishwa kila siku. La kujiuliza ni nani analifundisha, na linafundishwa nini.

Makala hii inakusudia kulitazama jambo hilo kwa njia ya historia. Picha hubeba maana, huamsha hisia na kuhifadhi kumbukumbu kwa namna gani? Na inapoachwa peke yake, hupoteza nini? Tutajibu kwa kuifuata picha moja iliyopigwa na mmisionari mwaka 1904 katika msitu wa Kongo. Hoja yetu ni hii: picha yaweza kuufikisha uchungu wa mtu mahali ambapo sauti yake haifiki, lakini haiwezi kulitunza jina lake. Jina hutunzwa na neno. Picha na neno vikitenganishwa, huruma hubaki, ila mtu hupotea.

1. Mabishano ya Wittenberg

Kabla ya kwenda Kongo yafaa tukumbuke mahali ambapo Kanisa letu lilijifunza kusema juu ya picha. Mwaka 1521, Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt aliongoza mabadiliko ya haraka mjini Wittenberg. Mnamo Januari 1522 Karlstadt alichapisha kijitabu cha kutaka sanamu na picha zote ziondolewe makanisani, na baraza la mji likatoa agizo la kuziondoa. Watu hawakungoja utaratibu. Waliingia kanisani wakazivunja.

Luther alirudi Wittenberg tarehe 6 Machi 1522, na kuanzia tarehe 9 Machi alihubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu kama kitu kitakatifu. Alikiri kwamba wengi walizitumia vibaya, wakidhani kwamba kutoa fedha za kutengeneza sanamu ni kumtumikia Mungu. Lakini alikataa kwamba dawa ya matumizi mabaya ni shoka. Sanamu, alisema, si za lazima wala hazikukatazwa. Ni katika mambo yaliyoachwa huru. Ibada ya sanamu hukaa moyoni, na moyo hautakaswi kwa kuvunja mbao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1525, alipowajibu tena Karlstadt na wenzake, aliongeza hoja nzito zaidi: kila asikiapo habari ya Kristo, apende asipende, huchoreka moyoni mwake sura ya mtu aliyeangikwa msalabani. Ikiwa si dhambi kuwa na sura hiyo moyoni, kwa nini iwe dhambi kuwa nayo mbele ya macho?

Fundisho hilo lilichorwa katika kanisa lile lile. Mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo cha Luther, kanisa la mji wa Wittenberg lilipata altare iliyochorwa na Lucas Cranach pamoja na karakana yake. Katika sehemu ya chini ya altare hiyo Luther amesimama mimbarini upande mmoja, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine ukinyoshwa mbele. Upande wa pili wamo washarika, wanaume kwa wanawake, na watoto pia. Katikati yao, mahali palipo patupu kabisa, yupo Kristo Msulubiwa. Kuta hazina pambo lolote. Mchoraji anatuambia jambo moja: Neno linapohubiriwa, Msulubiwa huwekwa mbele ya macho ya watu. Kwa Cranach mhubiri na picha hufanya kazi moja, maana mkono wa mhubiri huonyesha, nayo picha hupata maana kwa sababu upo mkono unaoionyesha.

Tuushike mfano huu: sura iliyo katikati, na neno linaloielekeza. Twende nao Kongo.

2. Maneno yasiyosadikiwa

Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 ulimwezesha Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kujipatia nchi kubwa katikati ya Afrika, iliyoitwa Dola Huru ya Kongo. Haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme mwenyewe. Baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yaliongezeka sana duniani, na misitu ya Kongo ilikuwa na mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Makampuni yaliyopewa kibali na mfalme, kama ABIR iliyoundwa mwaka 1892, yaliwalazimisha wanakijiji kuleta kiasi fulani cha mpira. Kijiji kilichopungukiwa kilitumiwa walinzi wenye bunduki. Wake za watu walifungwa kama rehani, wanaume walipigwa viboko, wengi waliuawa. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, na uthibitisho wenyewe ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Ikawa mikono inakatwa, mara nyingine hata ya watu walio hai.

Habari hizi zilitoka mapema. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alimwandikia Leopold barua ya wazi ya kumshtaki. Katika miaka ya 1890 mmisionari Mbaptisti kutoka Sweden, E. V. Sjöblom, aliandika juu ya mikono iliyokatwa. Mwaka 1899 William Sheppard, mmisionari Mpresbiteri mweusi kutoka Marekani, aliingia katika kambi ya wavamizi akahesabu mikono 81 iliyokuwa ikikaushwa juu ya moto. Serikali ya Leopold ilikana. Ilisema ni chuki, ni uzushi, ni wivu wa Waprotestanti na wa wafanyabiashara Waingereza.

Mwaka 1903 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alisafiri ndani ya nchi hiyo akaandika taarifa iliyochapishwa mwanzoni mwa 1904. Ndani yake yalikuwamo maelezo ya mashahidi Waafrika. Lakini kabla ya kuichapisha, wizara ya mambo ya nje mjini London iliondoa majina ya watu na ya mahali, ikaweka herufi tupu. Casement alikasirika, na alikuwa na haki. Mtu aliyelia kwa ajili ya jamaa yake alifanywa kuwa herufi, naye msomaji aliyetaka kutosadiki alipata mlango wa kutokea.

Hapo twaona udhaifu wa neno lililonyang'anywa jina. Sasa tuone picha ilifanya nini.

3. Tarehe 14 Mei 1904

Alice Seeley Harris na mumewe John Harris walifika Kongo mwaka 1898 wakitumwa na misheni ya Kiprotestanti iliyoitwa Congo Balolo Mission. Kituo chao kilikuwa Baringa, katika eneo la kampuni ya ABIR. Bibi Harris alikuwa na kamera. Kwa wamisionari wa siku zile kamera ilikuwa chombo cha kuwaonyesha wafadhili wa nyumbani shule iliyojengwa, waongofu waliovaa nguo nyeupe, mto na msitu. Tarehe 14 Mei 1904 ilipewa kazi nyingine.

Siku hiyo alifika misheni mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala. Walinzi wa ABIR walikuwa wamekivamia kijiji chake kwa sababu ya mpira. Mkewe aliuawa. Binti yake Boali, mtoto wa kama miaka mitano, aliuawa pia, na yaliyosalia ya mwili wake baba aliyaleta yamefungwa katika majani: kiganja kidogo cha mkono na mguu mdogo uliokatwa kwenye kifundo. Bibi Harris alimwomba aketi barazani, akampiga picha.

Katika picha hiyo Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, amegeuka upande. Hatutazami sisi. Macho yake yameinamia vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake, vidogo hata mtazamaji asiyeambiwa aweza kuvipita bila kuvitambua. Nyuma yake wapo watu wengine, na ng'ambo yao minazi au michikichi iliyotulia. Hakuna mlinzi, hakuna bunduki, hakuna damu. Nsala hafanyi ishara yoyote ya kilio.

Maana ya picha hii inatoka wapi, basi? Kwanza, inatoka katika kile kisichokuwapo. Tunaona kiganja na mguu, na moyo wetu wenyewe unalazimika kumtafuta mtoto. Pili, inatoka katika macho ya baba. Sisi tunamtazama anayetazama, na kwa njia hiyo tunaongozwa tutazame pamoja naye. Mkono wa Luther katika mchoro wa Cranach, na macho ya Nsala katika picha ya Baringa, hufanya kazi ya namna moja, kwa maana vyote viwili husema: tazama hapa. Tatu, ninadhani kwamba Wakristo wa Ulaya na Marekani waliifahamu sura hii upesi kwa sababu macho yao yalikwisha kufundishwa. Kwa karne nyingi walikuwa wameona michoro na sanamu za Mariamu akiwa na mwili wa Mwanawe mapajani. Mzazi mbele ya mwili wa mtoto aliyeuawa lilikuwa jambo walilolijua kanisani. Walipomwona Nsala, walimwona katika nafasi ambayo sanaa ya Kanisa ilikuwa imekwisha kuitayarisha mioyoni mwao. Hisia hazizuki tu. Huamshwa na kumbukumbu iliyotangulia.

4. Safari ya picha

Mwaka huo huo wa 1904 E. D. Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli na ambaye mwezi Machi alishiriki kuanzisha chama cha kutetea mageuzi ya Kongo, aliichapisha picha ya Nsala katika kitabu chake. Baadaye akina Harris walirudi Uingereza, wakazunguka makanisani na katika kumbi wakitumia taa ya kuonyeshea picha, yaani taa iliyopitisha mwanga katika vioo vyenye picha na kuzikuza juu ya kitambaa cheupe. Watu waliimba, wakaomba, kisha taa za ukumbi zikazimwa, na Nsala akatokea gizani, mkubwa kuliko mtu. Mwaka 1906 walivuka hadi Marekani wakafanya mikutano mingi mijini. Mwandishi Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905 kinachomkejeli Leopold, alimfanya mfalme ailalamikie kamera kama shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Kazi za kulazimishwa hazikwisha siku hiyo. Ziliendelea kwa sura nyingine kwa miaka mingi. Lakini utawala wa mtu mmoja asiyewajibika kwa yeyote ulikoma.

Twaweza kushawishika kusema kwamba picha ilishinda pale maneno yaliposhindwa. Hilo ni nusu ya ukweli. Picha peke yake ingeweza kukanushwa kwa urahisi. Casement alipomleta mbele ya watu kijana Epondo aliyekatwa mkono, watumishi wa serikali walidai kwamba mkono ule uling'olewa na nguruwe mwitu. Kovu haliwezi kusema lilivyopatikana, wala picha ya kovu. Picha ya Nsala ilisimama kwa sababu ubavuni mwake lilisimama neno: jina la baba, jina la kijiji, tarehe, jina la kampuni, na watu waliokuwa tayari kuulizwa. Picha ilimfanya mtazamaji ashindwe kugeuza uso, nayo maelezo yakamfanya ashindwe kukana.

Lipo na jambo la kusikitisha. Katika kumbi zile Nsala alionekana maelfu ya mara, lakini hakusikika hata mara moja. Wengine walisema kwa ajili yake. Walisema kwa upendo, na bila wao dunia isingejua. Lakini watazamaji wengi walirudi nyumbani wakimkumbuka Mwafrika kuwa ni mtu wa kuhurumiwa. Hawakumkumbuka kuwa ni mtu mwenye la kusema. Huu ndio mpaka wa picha. Huleta mtu karibu, lakini humleta akiwa bubu.

5. Vijiti vya Lontulu

Je, watu wa Kongo wenyewe hawakuwa na njia ya kukumbuka? Walikuwa nayo. Kelele za dunia zilipozidi, Leopold aliteua tume ya majaji watatu: Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi. Alitumaini kwamba itamsafisha. Tume ilipita Kongo mwaka 1904 na 1905 ikasikiliza mamia ya mashahidi.

Mmoja wao alikuwa Lontulu, chifu wa Bolima. Alikuja mbele ya majaji na vijiti 110. Aliviweka mezani, akavigawa mafungu manne: watu wakuu wa jamii, wanaume, wanawake na watoto. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Kisha akavishika kimoja kimoja, na kwa kila kijiti akataja jina.

Ndugu msomaji, hiyo nayo ni sanaa. Kijiti hakina sura ya mtu, wala hakifanani na aliyekufa, lakini hakuna picha ya kamera iliyobeba mzigo huo kwa ukamilifu kama vijiti vile. Lontulu hakuwaomba majaji huruma. Alitoa hesabu. Tunaposoma habari zake tunakumbuka mawe 12 yaliyotolewa katika mto Yordani, katika Yoshua sura ya 4. Mawe yale hayakuwa na maandishi. Maandiko yanatazamia kwamba siku moja watoto watauliza maana yake, na wazazi watapaswa kuwasimulia. Jiwe huamsha swali, na mzazi hulijibu. Mzazi asipokuwapo, linabaki jiwe tu.

Tume, kwa mshangao wa mfalme, ilithibitisha sehemu kubwa ya mashtaka katika taarifa yake ya 1905. Lakini maelezo yenyewe ya mashahidi, maneno yao kama walivyoyatamka, hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika hifadhi ya nyaraka ya serikali mjini Brussels, na watafiti hawakufunguliwa mpaka miaka ya 1980. Kwa zaidi ya miaka 70 dunia iliendelea kuiona picha, ilhali sauti ya Lontulu ilikaa kabatini. Huo ndio ushahidi mkubwa wa hoja yetu: picha ilisafiri, majina yakafungwa.

6. Mchoraji wa Lubumbashi

Kizazi kingine cha watu wa Kongo kilijaribu kukiunganisha kilichotenganishwa. Mjini Lubumbashi, katika miaka ya 1970, alikuwako mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Aliuza michoro yake kwa watu wa kawaida, waitundike sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yake katika michoro ipatayo 100, na kila mchoro akamweleza mtaalamu wa elimu ya jamii, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha huko. Alieleza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo yao yalihifadhiwa, na mwaka 1996 yakatoka katika kitabu pamoja na michoro.

Tshibumba hakukubali kuitwa mchoraji tu. Alijiona kuwa mwanahistoria. Juu ya michoro yake aliandika maneno: majina, tarehe, mahali. Katika mchoro wa kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, maiti tatu zimelala chini, na kwa mbali, juu ya kilima, yameonekana misalaba mitatu. Alieleza kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi yake. Theolojia yetu haiwezi kulipokea neno hilo bila kulipima, maana Mwokozi ni mmoja. Lakini tusiharakishe kulisahihisha kabla hatujalisikia. Mchoraji huyu alifanya kama walivyofanya watazamaji wa picha ya Nsala. Alitafuta katika hazina ya Kanisa sura iliyo nzito kiasi cha kutosha kuubeba uchungu wa watu wake, akaipata Kalvari. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeshika brashi na aliyesimulia walikuwa mtu mmoja, naye alisimulia katika lugha ambayo majirani zake waliisikia.

Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Michoro yake ilinunuliwa na jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Lakini kwa kuwa maneno yake yamehifadhiwa pamoja nayo, hata leo anaendelea kufundisha.

7. Wajibu wetu

Historia hii inatuuliza maswali matatu sisi wachungaji na wanafunzi wa theolojia.

Kwanza ni swali la hifadhi zetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, nao walikuwa na kamera. Picha nyingi za misheni hiyo zimetunzwa, na leo zinapatikana hata kwa intaneti kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Ni hazina kubwa. Lakini katika picha nyingi mmisionari ametajwa kwa jina, na waliosimama naye wameandikwa tu kuwa ni wanafunzi, au mwalimu na mkewe, au wanawake wa Kichaga. Hao ndio waliojenga Kanisa. Walitafsiri mahubiri, walibeba mawe ya ukuta, walifundisha watoto kusoma. Baadhi yao wangeweza kutambuliwa na wajukuu zao kama picha zingepelekwa kijijini mapema. Kila mwaka unaopita huondoka na mzee ambaye angenyosha kidole na kusema, huyu ni fulani bin fulani. Ipo kazi hapa kwa usharika na kwa chuo: kuzitoa picha za zamani sandukuni, kuwaita wazee, na kuandika nyuma ya kila picha, kwa penseli, jina, mahali na mwaka. Haihitaji wafadhili.

Pili ni swali la picha za wahitaji. Dayosisi zetu na miradi yetu hutuma nje picha za yatima, wagonjwa na wajane ili kuomba msaada. Hatusemi kwamba jambo hilo ni ovu. Bibi Harris alifanya hivyo, na Mungu alilitumia. Lakini mtoto anayepigwa picha leo atakuwa mtu mzima kesho, na picha itakuwa bado ipo. Je, yeye au mlezi wake aliulizwa? Aliambiwa itakwenda wapi? Amesema nini yeye mwenyewe, na neno lake limeandikwa? Yako mazingira ambamo kulitaja jina kwa watu wa mbali ni kumhatarisha mhusika. Hapo jina litunzwe na wanaomlea, lisitangazwe. Lakini kulificha jina kwa sababu ya upendo si sawa na kulisahau kwa sababu ya uvivu.

Tatu ni swali la simu zilizomo mifukoni mwetu. Ajali ikitokea barabarani, mara nyingi picha za maiti huzunguka mitandaoni kabla ndugu hawajapewa habari. Watu wamejua kifo cha mzazi wao kwa njia ya simu, wakimtambua kwa shati. Wako watakaojitetea kwamba hata picha ya Nsala ilionyesha viungo vya maiti. La hasha, mambo haya hayafanani. Nsala alikuja mwenyewe, akaleta mwenyewe, akakaa mwenyewe apigwe picha ili jambo lililofanyika lishtakiwe. Picha yake ilikuwa kilio mbele ya haki. Picha ya maiti ya barabarani haina mlalamikaji wala shitaka wala jina; ina watazamaji tu. Mchungaji anayo mamlaka ya kulisema hili mimbarini, na asipolisema yeye sijui litasemwa na nani.

Hitimisho

Nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani, katika Hesabu sura ya 21, alikuwa njia ya uzima kwa wale waliomtazama kwa kuliamini neno la ahadi. Katika 2 Wafalme sura ya 18 tunasoma kwamba Hezekia alimvunja, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Kilichokuwa kimepotea ni neno.

Na katika bustani ya kaburi, Yohana sura ya 20, Mariamu Magdalene alimwona Yesu kwa macho yake mwenyewe asimtambue. Alidhani ni mtunza bustani. Kuona hakukumtosha. Alitambua pale alipoitwa kwa jina lake. Hapo Injili inatupa kipimo cha picha zote tunazozitunza na tunazozituma: picha itusaidie kuona, na tukiisha kuona tuulize jina, tulitamke, na tuwafundishe walio baada yetu kulitamka. Boali, binti Nsala, wa kijiji cha Wala, aliuawa Mei 1904. Alikuwa na umri wa kama miaka mitano.